Dakika Nne za Wasyl

Wasyl Hrynkiw alikuwa mnadi, na kama kuna mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kazi yake, basi ni yeye. Kwa miaka thelathini na moja hapakuuzwa trekta, ng'ombe wala kabati la marehemu kati ya Yorkton na mpaka wa Manitoba bila ulimi wake kupita juu yake. Akishapanda kwenye tela la ngano na kushika kipaza sauti, maneno yalimtoka kama mvua ya mawe juu ya bati, na watu waliokuja kutazama tu wakajikuta wanarudi nyumbani na jembe la kukokota. Nyumbani hakuwa na tofauti. Aliongea akila, aliongea akinyoa ndevu, aliongea akivua mabuti. Mkewe Paraska, mwanamke mwembamba asiye na makuu, alishazoea kumjibu kwa nyusi.

Halafu ikaja saratani ya koo. Madaktari wa Saskatoon walimpiga mionzi kwa wiki sita, shingo ikawiva kama nyanya, na saratani ikaondoka. Iliondoka na mate yake. Tezi zinazotoa mate ziliungua pamoja na ugonjwa, Wasyl akabaki na mdomo mkavu kama debe la unga. Sauti ilirudi, yenye mikwaruzo. Maneno nayo yalirudi yote, ila sasa kila baada ya sentensi mbili ulimi uling'ang'ania meno, ikabidi atupie peremende mdomoni ndipo aendelee.

Mwezi Januari mwaka 1994, siku tatu baada ya Krismasi yao ya Kiukreni, ya tarehe saba, aliuma kipande cha mkate laini na jino la mbele likakatika kama chaki. Alilitoa, akaliweka kando ya sahani, akalitazama.

"Paraska," alisema, "mkate wako umeanza kunipiga."

Paraska hakucheka. Siku iliyofuata waliendesha kilomita sitini kwenye barafu hadi Yorkton kwa daktari wa meno.

Daktari Fehr alikuwa mtu wa taratibu. Alichungulia kwa muda mrefu, akagusagusa kwa kijichuma chake, kisha akavuta kiti akakaa wakatazamana.

"Meno tisa yameanza kulainika, hapa yanapokutana na fizi," alisema. "Angekuwa mgonjwa mwingine ningeng'oa mabovu tukamaliza. Wewe sithubutu. Mfupa wa taya lako umepigwa mionzi. Nikiling'oa jino, kidonda kinaweza kukataa kupona, na mfupa ukaanza kufa. Hayo uliyonayo ndiyo hayohayo. Tuyatunze."

"Yatunzwe vipi, daktari?"

"Mate ndiyo yalikuwa walinzi wa meno yako. Yameondoka. Sasa tutaweka mlinzi mwingine, jeli ya floridi. Utakuja hapa mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo, halafu kila baada ya miezi mitatu. Na nyumbani utaweka nyingine kila siku, kwenye trei tutakazozitengeneza kwa umbo la mdomo wako. Floridi inaingia kwenye jino na kuligandisha upya pale lilipoanza kuwa laini. Lakini haiwezi kushindana na sukari. Peremende ziishe leo."

"Zimeisha tangu dakika hii."

"Kingine kitamu unachokula?"

"Mimi? Supu, mkate, yai. Viazi siku za sikukuu."

Paraska alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja. Ndani ya mkoba kulikuwa na kopo la tofi alizopika mwenyewe kwa siagi na sukari, na alihisi ukingo wake unamchoma goti. Akafunga mdomo.

Kisa chake ni hiki. Wakati wa mionzi Wasyl alishuka kutoka kilo themanini na tisa hadi hamsini na nane. Hakuweza kumeza, na kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Nesi wa Saskatoon alimwambia Paraska ampe chochote kitakachopita, mradi kiwe na nguvu. Paraska akaanza na maziwa mazito ya kopo. Akaendelea na asali, na jemu iliyoyeyushwa kwenye chai, na tofi moja kila anapopita karibu na kiti cha mumewe. Wasyl alimeza bila kuuliza kwa sababu ulimi wake haukujua tena tofauti ya chumvi na sukari. Kilo zikarudi moja moja. Kila Jumamosi Paraska alimpandisha kwenye mizani ya kupimia magunia ghalani, na kila mshale uliposogea kulia, roho yake ilishuka mahali pake.

Sasa angeacha vipi? Baada ya kauli ya daktari alijaribu siku nne. Jumamosi mshale ukarudi kushoto kidogo tu. Jumapili akafungua kopo jingine la maziwa.

*

Aliyepewa kazi ya kumpaka Wasyl jeli alikuwa Colette Pelletier, binti wa Kimetisi, uzao wa wazungu na wenyeji wa asili, kutoka bonde la Qu'Appelle, mwenye mikono ya joto na kicheko cha karibu. Wiki ya kwanza alikausha meno kwa hewa, akajaza trei mbili za sponji jeli ya rangi ya chungwa, akamwekea mdomoni.

Wasyl aliruka mzima mzima kitini.

"Mama yangu! Binti, umenitia siki kwenye kidonda!"

Colette alizitoa haraka na kumsuuza. "Samahani sana, Bwana Hrynkiw. Hii ina asidi kidogo, na mdomo usio na mate hauiwezi. Nilipaswa kukumbuka. Ninayo nyingine isiyouma."

Ile nyingine ilikuwa nyeupe. Wasyl aliionja kwa ncha ya ulimi akakunja uso.

"Hii ni chokaa."

"Ni chokaa ya bei," Colette alisema, akicheka. "Sikiliza. Dakika nne. Ung'ate trei, usimeze, usiongee. Jeli ikimwagika bomba hili litaivuta."

"Dakika nne bila kuongea? Binti, hata padri hajaniweza."

"Fungua."

Akafungua. Trei zikaingia, meno yakafunga, Colette akazungusha saa ndogo yenye umbo la yai na kuiweka mezani.

Paraska alisikia mlio wa saa. Akasikia bomba likivuta. Akasikia gari la kusukuma theluji likipita mtaa wa pili. Ilimchukua muda kutambua ni kitu gani cha ajabu humo chumbani: mumewe alikuwa macho, na kimya. Katika miaka thelathini na sita ya ndoa hilo halikuwahi kutokea. Alimtazama pale, mashavu yamevimba, macho yanazunguka yakitafuta pa kutokea, na neno likamtoka bila kulipangia.

"Wasyl, lile gari jekundu silipendi."

Macho ya Wasyl yalisimama.

"Tangu siku uliyolileta kutoka mnadani. Mlango wa upande wangu haufungi, mguu wangu wa kulia unaganda kutoka nyumbani mpaka kanisani. Niliwahi kuanza kukwambia. Ukanieleza historia ya injini."

"Mmm!" Wasyl alisema. "Mm-mmm!"

"Usiongee, Bwana Hrynkiw," alisema Colette, amegeuza uso kuficha kicheko. "Bado dakika mbili na nusu. Endelea, mama."

Paraska akaendelea. Alisema habari za pazia la jikoni, na za Metro, binamu ya Wasyl, anayekuja kula bila kuvua kofia. Alishangaa jinsi sauti yake inavyosikika ikiwa peke yake. Yai lilipolia, Wasyl alitema kwenye beseni, na kabla hajafuta mdomo:

"Mlango unafunga! Unahitaji kuuinua kidogo!"

"Usile wala usinywe kwa nusu saa," Colette alimwambia.

"Na kuongea?"

"Kuongea ruksa."

Aliongea kutoka Yorkton hadi nyumbani, kilomita zote sitini, akiutetea mlango ule. Lakini Alhamisi Paraska alimkuta ghalani amepiga magoti kwenye theluji, anapaka bawaba mafuta.

*

Wiki ya pili Paraska alikuja amejiandaa. Alivua koti, akavuta kiti karibu, na yai lilipozungushwa tu akaanza.

"Mwaka wa hamsini na nane, jikoni kwa baba yangu, uliniuliza kama nitakubali unioe. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno ushamgeukia baba, unamtajia tarehe na idadi ya kuku wa kuchinja. Mama akaanza kulia, majirani wakaitwa. Wasyl, mimi mpaka leo sijajibu."

Colette nusura aangushe bomba. Wasyl alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeambiwa kuwa hati ya shamba ina kasoro. Alipotema, hakujitetea.

"Ungejibu nini?"

"Ningeomba wiki moja nifikirie."

"Wiki nzima!"

"Basi, siku tatu."

Njiani, walipopita ghala refu la nafaka la kijiji cha Rhein, Wasyl akasema, kama anayejisemea, "Siku tatu," akatikisa kichwa, kisha akaingia kwenye habari za bei ya ngano.

Katikati ya wiki wanawake walikutana chini ya ukumbi wa kanisa kubana pyrohy, vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, mamia kwa mamia, za kuuza kwa ajili ya paa jipya. Walimwona Paraska anabana kingo za unga huku midomo yake inacheza, wakadhani anasali. Alikuwa anapanga maneno ya Jumanne.

Jumanne hiyo, wiki ya tatu, hakulalamika. Alimwambia habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Wakati wa mionzi, alipokuwa amepanga chumba karibu na hospitali ya Saskatoon na Wasyl hawezi hata kunong'ona, alikuwa na kaseti ya mnada wa shamba la akina Kowalchuk. Aliiweka kwenye kinasa sauti kidogo, upande wa kwanza, kisha upande wa pili, kisha upande wa kwanza tena.

"Nilikuwa nakusikia ukiuza jokofu," alisema. "Nikawa naogopa. Nikasema, Mungu, nirudishie huyu mtu na kelele zake."

Wasyl hakusema mmm. Colette aliinama kurekebisha bomba ambalo halikuwa na tatizo. Yai lilipolia wote watatu walishtuka, na kwenye gari Wasyl alizungumzia barafu ya barabarani tu, kwa sauti ya chini, na mkono mmoja juu ya goti la mkewe.

*

Wiki ya nne Colette hakuwa na kicheko. Alikuwa ameshika karatasi ambayo Wasyl aliagizwa kujaza kila anachokula kwa siku saba.

"Bwana Hrynkiw, kuna jambo silielewi. Hapa umeandika supu, mkate, yai, jibini. Hakuna sukari kabisa. Lakini nikitazama meno ya nyuma, yale mabaka laini yameongezeka. Mawili mapya ndani ya wiki tatu. Jeli inafanya kazi yake, lakini kuna kitu kinaibomoa kila siku. Una hakika hujasahau kuandika kitu?"

"Sijasahau."

"Hata kwenye chai?"

"Chai ni chai, binti. Niwekee hayo matrei."

Alisema kwa ukali ambao Paraska hakuuzoea. Colette akakausha meno, akajaza jeli, akazungusha yai.

Paraska alijiandaa kusema habari za bustani. Alikuwa na mpango wa kupunguza viazi na kuongeza shamari. Badala yake alikuta mkoba umeshafunguka mikononi mwake, kopo la tofi limetoka, ameliweka juu ya meza ya vyombo kando ya saa.

"Ni mimi," alisema.

Hakumtazama Colette. Alimtazama mumewe tu.

"Ni mimi ninayeyatoboa meno yako. Kwenye chai kuna maziwa ya kopo, vijiko vitano. Kwenye uji kuna asali. Zile supu zako ninazimaliza kwa sukari, Wasyl, supu ya kabichi ninaitia sukari. Ulipokuwa hujui ladha nilikuwa nakupa kila saa mbili, na ukaongezeka kilo, na mimi nikawa sijui tena kuacha. Daktari alisema nikasikia. Nilijaribu siku nne. Ulipungua nusu kilo, nikakuona umelala kwenye kile kitanda cha Saskatoon, mbavu zako zinahesabika. Nikarudia. Umekaa hapa wiki nne unavumilia chokaa mdomoni, na mimi nakwenda nyumbani nakuoza."

Akafuta machozi kidevuni kwa kiganja, kama mtoto.

Wasyl aliinua mkono kutoka kwenye kiti. Aliunyoosha hewani mpaka ukafika kwenye mkono wa mkewe, akaushika kwa nguvu. Colette alibaki ameshika bomba, macho kwenye saa, na saa ikaenda polepole kuliko saa yoyote.

Yai lililia. Trei zikatoka. Wasyl akatema, akafutwa mdomo, na wanawake wawili wakangoja mafuriko ya maneno.

Hakusema kitu. Alivaa koti lake, akachukua kopo la tofi, akalitia mfukoni, akamshika mkewe kiwiko wakatoka.

Walikaa kwenye lile gari jekundu, injini inanguruma ipate joto, vioo vimefunikwa na ukungu wa pumzi zao.

"Nilijua," Wasyl alisema mwishowe.

"Ulijua nini?"

"Ladha ilinirudia wakati wa mavuno. Nilikuwa nimeketi kwenye trekta, nikanywa chai yako ya chupa, nikasema, Mungu wangu, hii ni asali tupu."

Paraska alimgeukia. "Tangu mavuno? Hiyo ni miezi minne!"

"Minne na nusu."

"Ukanyamaza? Wewe?"

"Nilinyamaza."

"Jambo moja la kusema katika maisha yako yote, Wasyl Hrynkiw, na hilo ndilo ukalinyamazia! Meno yanakuishia mdomoni!"

"Ulikuwa unasimama mlangoni," alisema. "Unasimama na kitambaa cha sahani mkononi, unanitazama mpaka nimalize kikombe. Nikimaliza, mabega yako yanashuka. Ningekwambiaje? Nikaona meno ni meno. Nilikuwa nayo ya kutosha." Alisugua kioo kwa mkono wa sweta. "Na isitoshe, Paraska, nilipokuwa siwezi kumeza, yale maziwa yako ndiyo yaliyonisimamisha. Usije ukasema tena kwamba unanioza. Wewe ndiye uliyenirudisha."

Paraska alimpiga bega kwa mkoba, mara mbili, kisha akaegemea palepale alipopiga. Walicheka na kulia bila mpangilio mpaka ukungu wa vioo ukayeyuka. Colette, aliyetoka kuwapelekea kadi ya miadi waliyoisahau, aliwaona, akageuka, akaamua kuituma kwa posta.

*

Kuacha hakukuwa rahisi, lakini safari hii waliacha wawili. Makopo kumi na manne ya maziwa yalikwenda kwa wanawake wa kanisani kwa mikate ya Pasaka. Daktari Fehr aliwapatia mtaalamu wa chakula aliyemfundisha Paraska kwamba nguvu inapatikana kwenye siagi, mayai, samaki na malai chachu bila kijiko kimoja cha sukari. Kwa mpishi wa Kiukreni hiyo haikuwa adhabu. Wasyl alipungua kilo mbili, na wiki hizo Paraska hakulala vizuri. Mwezi Aprili mshale ukaanza kusogea kulia tena, taratibu, kwa malai.

Mwezi Juni alisimamia mnada wake wa kwanza tangu augue, wa mashine za mzee mmoja wa Kamsack aliyehamia mjini. Hakuwa na peremende. Alikuwa na chupa ya maji aliyoifunga shingoni kwa kamba, na kila ulimi ulipokwama alisimama katikati ya bei, akanywa, watu mia mbili wakimngoja. Ikaonekana kuwa pale anapokunywa ndipo watu wanapopandisha bei, kwa wasiwasi tu. Wasyl aligundua pia. Akawa ana kiu sana.

Colette alipomkagua kiangazi hicho, aliyaparura yale mabaka kwa kijichuma na kijichuma kikateleza. Yalikuwa ya kahawia, magumu, yanang'aa, dalili kwamba uozo umesimama. Mawili yalizibwa. Jino la mbele lilivishwa kofia. Hakuna lililong'olewa, wala mwaka ule wala miaka iliyofuata.

Nyumbani, kila siku baada ya chakula cha jioni, Wasyl aliketi mezani na trei zake mbili za plastiki mdomoni, na Paraska akaongea. Watu wa wilaya walijua kuwa ukipiga simu kwa akina Hrynkiw saa hiyo utajibiwa na mke, naye atakwambia kwamba ana shughuli.

Mwaka wa 2001 Colette aliolewa akahamia Regina. Aliyechukua nafasi yake alikuwa dada mmoja mchangamfu aitwaye Jolene, na siku ya kwanza alimkaribisha Wasyl na habari njema.

"Bwana Hrynkiw, siku hizi tuna vanishi ya floridi. Ninaipaka kwa kiburashi tu, nusu dakika, imekauka. Hakuna trei, hakuna saa. Unaweza kuongea papo hapo!"

Wasyl, wakati huo ana miaka sabini, alimtazama mkewe aliyeketi karibu na mlango, tayari amevua koti na kuvuta kiti.

"Hiyo vanishi ni nzuri?" aliuliza.

"Nzuri sana. Wengine wanasema ni bora."

"Nipake, basi. Sikatai." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Ila zile trei za jeli ya chokaa, bado mnazo?"

"Zipo chache, ila huhitaji vyote viwili."

"Sitaki jeli. Niletee trei tupu na ile saa ya yai," Wasyl alisema. "Mke wangu ametoka mbali, na amekuja na mambo ya kusema."

Jolene alimtazama Paraska, akadhani ni mzaha. Paraska alikuwa ameshakunja mikono juu ya mapaja, anangoja.

"Kuhusu mpwa wako Oksana na yule mchumba wake wa Calgary," alianza, trei zilipoingia.